Elie Metchnikoff: Mtaalamu wa wanyama aliyefichua vita ndani ya damu

MWIBA ukimchoma mtu kidoleni na kukatikia humo, haupiti muda mrefu kabla ya mahali hapo kuwa pekundu, kuvimba, kupata joto na kuanza kutunga usaha. Kwa karne nyingi madaktari waliutazama usaha huo kama uchafu tu, dalili ya ugonjwa na pengine mwanzo wa mauti. Mtu aliyeutazama kwa jicho jingine, akatambua kuwa humo mna mizoga ya askari waliokufa wakiutetea mwili, hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa wanyama wadogo wa baharini, mwepesi wa hasira, ambaye wakati huo alikuwa amejiuzulu kazi ya chuo kikuu na hakuwa na ajira yoyote.

Huyo ni Elie Metchnikoff, au Ilya Ilyich kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alizaliwa Mei 1845 katika kijiji kilichokuwa karibu na mji wa Kharkiv, eneo lililotawaliwa na milki ya Urusi siku hizo na ambalo leo limo nchini Ukraine. Babake alikuwa afisa wa kikosi cha walinzi wa mfalme, mpenda karata, aliyefuja sehemu kubwa ya mali ya mkewe kwenye kamari kabla ya familia kuhamia mashambani. Mamake, Emilia, alitoka katika jamii ya Kiyahudi na alikuwa binti wa mwandishi. Ilya alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto watano. Kakake Lev aliwahi kupigana nchini Italia katika jeshi la Garibaldi na baadaye akawa mwanajiografia. Kakake mwingine, Ivan, alikuwa mwanasheria wa serikali mjini Tula, na kifo chake mwaka wa 1881 ndicho kilichompa Leo Tolstoy mada ya riwaya yake fupi kuhusu mtu anayekabiliana na kifo.

Kijana huyu alitamani kusomea udaktari. Mamake ndiye aliyemkataza, akihofia kwamba moyo wake ulikuwa mwepesi mno kustahimili kuwaona wagonjwa wakiteseka. Akageukia elimu ya wanyama. Katika Chuo Kikuu cha Kharkiv alimaliza kwa miaka miwili masomo yaliyopangiwa miaka minne, kisha akaondoka kwenda Ujerumani na Italia kutafiti wanyama wa baharini akiwa na umri wa miaka 19 tu.

Ilikuwa mjini Giessen, Ujerumani, mwaka wa 1865, ambapo aliona jambo ambalo lingemrudia miaka 17 baadaye. Akimchunguza mnyoo bapa chini ya hadubini, alibaini kuwa chakula hakikuwa kikimeng'enywa katika utumbo kama ilivyo kwa binadamu. Chembe zenyewe za mwili wa mnyoo zilikuwa zikikimeza na kukiyeyusha ndani yake. Aliandika alichokiona, akaendelea na mambo mengine.

Mjini Naples alifanya urafiki na Mrusi mwenzake, Alexander Kovalevsky, na wawili hao wakajitosa katika kuchunguza jinsi viumbe wa baharini wanavyokua kutoka kwenye yai. Swali lao lilikuwa la enzi ya Darwin: iwapo wanyama wote wana asili moja, basi ukuaji wao wa awali unapaswa kufanana. Mwaka wa 1867 walitunukiwa tuzo kwa pamoja mjini St Petersburg. Mwaka huohuo Metchnikoff akawa mhadhiri katika chuo kikuu kipya cha Odessa. Baadhi ya wanafunzi aliowafundisha walikuwa wakubwa wake kwa umri.

Lakini maisha ya nyumbani hayakumkalia vyema. Mwaka wa 1869 alimwoa Ludmila Feodorovich, binti aliyekuwa akiugua kifua kikuu. Hali yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba siku ya harusi alibebwa kanisani akiwa ameketi kitini. Kwa miaka minne Metchnikoff alihangaika huku na huko akitafuta hewa nzuri ya kumponya mkewe, akifanya kazi za ziada za kutafsiri vitabu ili kulipia safari hizo, ilhali macho yake mwenyewe yalikuwa yakimuuma hata akashindwa kutumia hadubini. Ludmila alifariki Aprili 1873 katika kisiwa cha Madeira.

Mjane huyo wa kiume alirejea bara akiwa amekata tamaa kabisa, akajaribu kujitoa uhai kwa kumeza mofini. Alinusurika kwa sababu mwili wake uliitapika sumu ile. Inasimuliwa kuwa siku hizohizo za giza, akiwa kwenye daraja mjini Geneva, aliwaona wadudu wakiruka kuzunguka taa. Akajiuliza vipi nadharia ya Darwin inaweza kuwahusu viumbe wanaoishi kwa saa chache tu bila hata kula. Swali hilo likamrudisha katika utafiti. Si ajabu basi kwamba mtu huyu, ambaye baadaye angevaa joho la mtetezi mkuu wa maisha marefu, alianza akiwa mtu asiyeyathamini maisha yake hata kidogo.

Mwaka wa 1875 alioa tena. Mkewe wa pili, Olga Belokopytova, alikuwa msichana mdogo, mmoja wa watoto wa familia kubwa iliyokuwa ikiishi ghorofa ya juu ya nyumba aliyopanga mjini Odessa. Makelele yao yalikuwa yakimuudhi. Aliishia kumfundisha Olga elimu ya wanyama, na Olga naye akawa mshirika wake wa maabara kwa miaka 41. Ndiye pia aliyeandika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka wa 1920, na mengi yanayojulikana kumhusu Metchnikoff nje ya maabara yametokana na kalamu ya mama huyu.

Mwaka wa 1880 Olga aliugua homa ya matumbo nusura afe. Mumewe, aliyechoka kwa kumuuguza na kwa migogoro ya chuoni, alijidunga damu ya mgonjwa wa homa ya vipindi, ile inayoacha na kurudi. Nia yake ilikuwa mbili kwa pamoja: kuthibitisha kwamba ugonjwa huo huambukizwa kupitia damu, na iwapo atakufa, basi kifo chake kiifae sayansi. Aliugua vibaya mno. Alipopona, wanaomjua walishangaa kuona kuwa ile huzuni yake ya miaka mingi ilikuwa imeondoka.

Mnamo Machi 1881 mfalme Alexander wa Pili wa Urusi aliuawa kwa bomu. Serikali ikaanza kuvibana vyuo vikuu, na Odessa haikusalimika. Mwaka wa 1882 Metchnikoff aliwasilisha barua ya kujiuzulu. Wazazi wa Olga walikuwa wamefariki na kumwachia urithi wa kutosha, hivyo familia nzima, pamoja na wadogo zake Olga, ikafunga safari hadi Messina katika kisiwa cha Sicily. Huko walipanga nyumba iliyotazama bahari, na Metchnikoff akageuza sebule kuwa maabara.

Siku moja ya Desemba mwaka huo, jamaa zake walikwenda kutazama sarakasi ya nyani. Yeye alibaki peke yake akitazama viluwiluwi wa kiti cha pweza. Viumbe hawa wachanga wana mwili unaopenya nuru kama kioo, hivyo mtu anaweza kuona yote yanayotendeka ndani yao wakiwa hai. Humo alikuwa akizitazama chembe zinazojongea zenyewe huku na huko. Ghafla likamjia wazo kwamba pengine chembe hizo, zinazomeza chakula kama zile alizoziona Giessen, ndizo zinazomeza pia adui wanaouvamia mwili. Ikiwa ni kweli, akawaza, basi kitu kigeni kikipenyezwa ndani ya kiluwiluwi kinapaswa kuzingirwa na chembe hizo upesi, kama vile kidole cha binadamu kinavyotunga usaha panapoingia mwiba.

Alitoka hadi bustanini, akachuma miiba ya mwaridi na kuichomeka chini ya ngozi ya viluwiluwi kadhaa. Usiku huo hakupata usingizi. Alfajiri alipozitazama sampuli zake, aliona miiba imezingirwa pande zote na chembe zinazojongea. Ikumbukwe kwamba kiluwiluwi wa kiti cha pweza hana mishipa ya damu. Hapakuwa na njia nyingine ya kueleza mkusanyiko ule isipokuwa kwamba chembe zenyewe zilihisi uvamizi na kuufuata.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka mtu ajue waliyoyaamini madaktari wa wakati huo. Wengi walikuwa wamekwisha kuona bakteria ndani ya chembe nyeupe za damu za wagonjwa na maiti. Tafsiri yao ilikuwa kinyume kabisa: kwamba bakteria wamejificha humo, wanazaana humo, na chembe nyeupe ndizo zinazowabeba na kuwasambaza mwilini. Kwa maneno mengine, aliyedhaniwa kuwa mchukuzi wa mwizi ndiye Metchnikoff alimtambua kuwa askari anayemkamata. Rudolf Virchow, bingwa wa Ujerumani katika elimu ya magonjwa, alipita Messina mwaka wa 1883 na kuonyeshwa majaribio hayo. Aliyafurahia, lakini akamtahadharisha mwenyeji wake kuwa maoni ya wengi yalikuwa mkabala na yake. Mjini Vienna, profesa Carl Claus alimsaidia kupata jina la Kigiriki la chembe hizo: fagositi, yaani chembe zinazokula.

Ushahidi wa pili ulitoka kwa kidudu cha majini kiitwacho dafnia, mdogo kama punje ya mtama. Dafnia humeza mbegu za kuvu fulani zenye ncha kali kama sindano, nazo hutoboa utumbo wake na kuingia mwilini. Kwa kuwa naye pia ana mwili unaopenya nuru, Metchnikoff aliweza kuitazama vita hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Pale fagositi zilipowahi kuzizingira mbegu hizo, zilizivunjavunja na mdudu akapona. Pale zilipochelewa, kuvu ilichipua, ikaziua chembe zenyewe, na mdudu akafa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1884 katika jarida la Virchow mwenyewe. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusema kwamba ugonjwa ni pambano la pande mbili, na kwamba kupona au kufa hutegemea nani amewahi. Jamii ile ya kuvu leo hubeba jina la mtafiti huyu, Metschnikowia.

Alirudi Odessa mwaka wa 1886 kuongoza taasisi mpya iliyotoa chanjo ya kichaa cha mbwa kwa mtindo wa Louis Pasteur, mojawapo ya za kwanza nje ya Ufaransa. Kazi hiyo ilimshinda. Madaktari wa mji hawakutaka kuongozwa na mtu asiye daktari, na maelfu ya kondoo walipokufa baada ya kudungwa chanjo ya kimeta iliyotengenezwa na wasaidizi wake, alijua kuwa siku zake zimehesabika. Alikwenda Berlin kumwonyesha Robert Koch vioo vyake vya hadubini, akapokewa kwa ubaridi. Paris alipokewa kwa mikono miwili. Pasteur, aliyekuwa mzee na mgonjwa, alimpa maabara katika taasisi yake mpya, na Metchnikoff akahamia huko mwaka wa 1888, awali bila mshahara. Hakuondoka tena hadi kufa.

Hapo ndipo vita halisi vilipoanza. Mwaka wa 1890, mjini Berlin, Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato walionyesha kuwa majimaji ya damu ya mnyama aliyepewa kinga, yakichujwa chembe zote, yana uwezo wa kuzima sumu ya dondakoo na ya pepopunda. Kwa wapinzani wa Metchnikoff, kesi ilikuwa imekwisha: kinga imo katika majimaji, na chembe nyeupe ni wafagiaji tu wanaokuja kuzoa mizoga baada ya vita. Mwaka wa 1894 Richard Pfeiffer akaongeza pigo jingine alipoonyesha kuwa bakteria wa kipindupindu huyeyuka ndani ya tumbo la simbilisi aliyechanjwa, bila hata kumezwa na chembe yoyote.

Mfarakano huu haukuwa wa kisayansi pekee. Ufaransa ilikuwa imeshindwa na Ujerumani katika vita vya 1870 na 1871, na majeraha hayajapoa. Paris ilisimama na chembe, Berlin ikasimama na majimaji. Metchnikoff alikwenda kutoka mkutano hadi mkutano, London mwaka wa 1891 na Budapest mwaka wa 1894, nywele timutimu, akitetea chembe zake kwa bidii ya wakili. Kila pigo lilipotua, alirudi maabara kutafuta jawabu. Pengine sifa yake kubwa kuliko zote ni kwamba katika vita hivyo hakuwafungia mlango waliokuwa wakigundua mambo yasiyompendeza. Mbelgiji Jules Bordet alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Metchnikoff mwenyewe alipogundua, mwaka wa 1895, kuwa majimaji ya damu yana kitu kinachoshirikiana na kingamwili kuua bakteria. Ugunduzi huo uliipa nguvu kambi pinzani, nao ulimletea Bordet Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1919.

Suluhu ilipatikana London. Mwaka wa 1903 Almroth Wright na mwenzake Stewart Douglas walieleza kuwa majimaji ya damu huwapaka bakteria vitu vinavyowafanya wawe rahisi kumezwa na chembe nyeupe, mfano wa kitoweo kinachoongezwa viungo ili kilike. Kumbe kambi zote mbili zilikuwa zimeshika sehemu ya ukweli. Kamati ya Nobel ilifuata njia hiyohiyo mwaka wa 1908 ilipoigawa tuzo ya tiba kati ya Metchnikoff na Paul Ehrlich wa Ujerumani, aliyekuwa nguzo ya nadharia ya majimaji. Ehrlich naye alikuwa na deni kubwa kwa chembe nyeupe, kwani ndiye aliyezitia rangi tangu mwishoni mwa miaka ya 1870 na kuzigawa katika makundi ambayo maabara za hospitali huyahesabu hadi leo.

Kufikia hapo, hata hivyo, mawazo ya Metchnikoff yalikuwa yamehamia kwingine. Alikuwa amegundua kuwa si kila fagositi hufanana na nyingine. Ziko ndogo, ambazo hukimbilia bakteria, na ziko kubwa, alizoziita makrofaji, ambazo hula pia chembe za mwili wenyewe zilizochoka. Kutoka hapo aliruka hadi kwenye suala la uzee. Alidai kuwa binadamu anapozeeka, makrofaji huwageukia wenyeji wao na kuanza kula chembe bora za ubongo, za figo na za ini. Hata mvi, alisema, hutokana na chembe zinazomeza rangi ya nywele. Na kinachozifanya zigeuke hivyo, kwa maoni yake, ni sumu zinazotolewa na bakteria wanaooza chakula katika utumbo mpana.

Vitabu vyake viwili, cha mwaka wa 1903 na cha mwaka wa 1907, vilieneza fikra hizo kote Ulaya. Ushauri wake ulikuwa rahisi: mtu anywe maziwa yaliyogandishwa kwa bakteria wa asidi, kama wanavyofanya wakulima wa Bulgaria waliosifika kuishi miaka mingi. Wauza dawa wakatajirika kwa vidonge na unga wa bakteria. Kwa msomaji aliyelelewa kwa maziwa lala au mursik, habari hii huenda ikamfanya atabasamu. Lakini haikuwa mzaha kwa wagonjwa wa London ambao daktari mpasuaji Arbuthnot Lane aliwakata utumbo mpana wote, akitumia hoja za Metchnikoff kama kinga, ili kuwaondolea sumu ambazo hakuna aliyekuwa amezithibitisha. Mwanasayansi aliyedai ushahidi mkali kutoka kwa wapinzani wake kwa miaka 20 hakujidai ushahidi wa kiwango hicho alipofika kwenye suala la uzee.

Majaribio mengine ya wakati huo yalikuwa na uzito zaidi. Mwaka wa 1903, akishirikiana na Emile Roux, na kwa fedha za tuzo walizokuwa wamepata, alinunua sokwe na kufaulu kuwaambukiza kaswende, jambo lililowezesha ugonjwa huo kuchunguzwa katika maabara kwa mara ya kwanza. Miaka mitatu baadaye mwanafunzi mmoja wa udaktari alijitolea kuambukizwa kisha akapakwa marhamu ya zebaki, na hakuugua. Awali, mwaka wa 1892, Metchnikoff alikuwa amekunywa yeye mwenyewe bakteria wa kipindupindu bila kudhurika, ilhali kijana mwingine aliyejitolea kufanya vivyo hivyo aliugua nusura afe. Mtu wa leo hawezi kuyasoma haya bila kutetemeka. Hata hivyo, hapo ndipo alipoanza kushuku kuwa bakteria wengine wanaoishi tumboni ndio wanaoamua nani augue na nani asiugue, swali ambalo watafiti wa karne hii wanalifanyia kazi kwa bidii kubwa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimvunja moyo. Aliamini kuwa sayansi ingewaletea mataifa ya Ulaya busara, na sasa vijana wa maabara yake walikuwa wakipelekwa kwenye mahandaki. Moyo wake, uliokuwa umeanza kumsumbua mwaka wa 1913, ulizidi kudhoofika. Alifariki mjini Paris mnamo Julai 15, 1916, akiwa na umri wa miaka 71, umri ambao kwa mtu aliyehubiri miaka zaidi ya 100 uliwapa wakosoaji wake la kusema. Yeye mwenyewe alijitetea kuwa alianza kunywa maziwa ya mgando akiwa amechelewa. Majivu ya mwili wake yaliwekwa katika chombo ndani ya maktaba ya Taasisi ya Pasteur.

Swali moja alilifia bila jibu. Alijua kuwa fagositi huwameza bakteria, na aliamini kuwa huwayeyusha kwa vimeng'enya kama vile tumbo linavyoyeyusha nyama. Ilivyo hasa, silaha yao kali ni hewa ileile anayovuta binadamu.

Mwaka wa 1933 watafiti wawili wa Marekani, Baldridge na Gerard, walipima chembe nyeupe za damu ya mbwa na kuona kuwa zinapomeza bakteria, matumizi yake ya oksijeni hupanda ghafla. Walidhani ni nguvu ya kazi tu, kama mtu anavyohema akibeba gunia. Haikuwa hivyo. Mwaka wa 1961 ilionekana kuwa chembe hizo hutengeneza haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya kuoshea vidonda. Mwaka wa 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke walieleza kimeng'enya kinachokinga mwili dhidi ya supaoksaidi, molekuli ya oksijeni iliyoongezewa elektroni moja na kuwa kali. Miaka minne baadaye Bernard Babior na wenzake wakathibitisha kuwa chembe nyeupe huitengeneza supaoksaidi hiyo kwa makusudi na kuwamwagia bakteria. Kimeng'enya kingine kilichomo ndani yake, kile kinachoupa usaha rangi ya kijani, hugeuza peroksaidi kuwa kemikali ya jamii ya zile zinazotumiwa kung'arisha nguo nyeupe.

Tatizo ni kwamba moto huo hauchagui. Ukimwagika nje ya chembe, au ukiwaka bila kuzimwa, huunguza mafuta, protini na vinasaba vya mwili wenyewe. Mwaka wa 1985 mwanakemia Mjerumani Helmut Sies aliipa jina hali ya mwili kulemewa na molekuli hizo kuliko uwezo wake wa kuzizima: msongo wa oksidishaji. Tayari mwaka wa 1956 Denham Harman wa Marekani alikuwa amependekeza kuwa molekuli za namna hiyo ndizo zinazouzeesha mwili. Nadharia hiyo imetiliwa shaka katika sehemu nyingi tangu wakati huo, na vidonge vinavyouzwa kwa jina lake havijatimiza ahadi zake. Lakini dai la Metchnikoff kwamba askari walewale wanaoulinda mwili wanaweza kuuharibu, lililochekwa mwaka wa 1903, limeungwa mkono na mengi yaliyogunduliwa kuhusu mishipa ya moyo na viungo vinavyovimba. Bakteria wake wa utumboni na mvi zilizoliwa, hizo zimebaki historia.

Virchow naye hakuwa amekosea kabisa. Bakteria wa kifua kikuu, uliomuua Ludmila, humezwa na makrofaji kisha wakakaa humo miaka mingi bila kufa. Vimelea vya kalaazar, vinavyowasumbua wakazi wa Baringo, Turkana na Pokot Magharibi, huzaana ndani ya chembe hizohizo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka kwa watoto. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Marekani walianza kueleza habari za watoto, wengi wao wavulana, waliokuwa wakitunga majipu mapafuni, ini na tezi, na kufa mapema, ilhali kingamwili katika majimaji ya damu yao zilikuwa tele. Mwaka wa 1967 ilibainika kuwa chembe zao nyeupe zilikimbilia bakteria na kuwameza barabara, ila zilishindwa kuwaua. Baadaye sababu ikajulikana: zilikuwa zimezaliwa bila uwezo wa kutengeneza supaoksaidi. Leo watoto wa aina hiyo hupewa dawa za kila siku za kuzuia bakteria na kuvu, na baadhi yao hupandikizwa uboho wa mfupa kutoka kwa ndugu ili mwili uanze kutengeneza fagositi zenye silaha kamili.